Tone la Mafuta

Fundi cherehani mstaafu, aliyehamia kwa mwanawe macho yake yalipochoka, hakupenda kula bure. Asubuhi moja mkwewe alipokwenda dukani, mzee aliifungua kompyuta ya mezani ya mkwewe huyo, akaipangusa vumbi kwa brashi. Akachomoa vibao viwili vya kumbukumbu, akavitia mafuta kidogo menoni, akavirudisha. Maisha yake yote, mashine ikisafishwa hutiwa mafuta.

Mkwe aliporudi akabonyeza swichi. Feni ilizunguka, kompyuta ikalia pii, pii, pii, na kioo kikabaki cheusi. Kazi aliyotakiwa kuikabidhi jioni ilikuwa humo.

“Baba, umeigusa?”

“Nimeisafisha tu,” alijibu mzee, akijiona mzigo wa kurudishwa ulikotoka.

Mkwe alifungua kisanduku, akachomoa kibao, akakinusa. “Umeipaka mafuta?”

“Ya cherehani! Si ya kupikia.”

Mkwe alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. “Hii haishoni, baba. Haya meno yanatakiwa makavu, ndipo umeme upite.”

Akayafuta kwa pamba yenye spiriti, akasafisha na matundu yake, akavisukuma vibao mpaka vikashika. Kioo kikawaka, kazi yake ikiwa salama. Mzee akashusha pumzi, akainuka polepole aende zake.

“Unakwenda wapi? Funga kifuniko wewe,” alisema mkwe akimpa bisibisi. “Hukupoteza hata skrubu moja. Mwanao akiigusa hubaki na mbili mkononi.”

“Huyo tangu utotoni hana subira,” alisema mzee, akaketi tena.