Kinyago Juu ya Jiko

Beseni lilikuwa na maji, kinyago hakimo.

Nilizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko nikapapasa chini, kama mtu anayetafuta kijiko kwenye karai la vyombo. Maji matupu. Nje upepo ulikuwa unayapiga mabati, na redio ya kijiji ilishasema mara mbili kwamba bahari itapanda kabla ya adhuhuri, kila mtu ahamie shuleni. Mabeseni mengine nilikuwa nimeshayapeleka kwa pikipiki ya magurudumu manne: vichwa vya mikuki, mabakuli, wanasesere wa mbao, visu vya pembe ya walrasi, yule mnyama wa baharini. Kinyago nilikiacha mwisho kwa sababu nilitaka kukibeba mwenyewe.

Vitu hivi vilikaa kwenye ardhi iliyoganda miaka mia tano. Sasa ardhi inayeyuka, bahari inakula ukingo, navyo vinabingirika ufukweni. Mbao ya namna hiyo inaishi kwa maji. Kabla dawa ya kuihifadhi haijaingia vizuri ndani yake, ukiiacha ikauke itapasuka, na ikishapasuka hakuna gundi ya kuirudisha. Jumba la makumbusho la Anchorage lilikubali tuvitunze hapa kijijini, sisi wenyewe Wayup'ik, wenyeji wa pwani hii ya Alaska, kwa sharti moja: kisiharibike hata kimoja. Wengi kule walisema hatutaweza. Kinyago kile ndicho pekee kilichopatikana kizima, nusu uso wa mtu, nusu uso wa sili, na rangi nyekundu bado iko shavuni. Kikiharibika hicho, vyote vinaondoka.

Funguo za chumba cha mabeseni ziko mbili. Moja ninayo mimi, nyingine anayo mama mdogo Agafia, anayepiga deki chumba kile.

Nilikwenda kwake mbio, mtoto mgongoni ndani ya koti, mvua ikinipiga usoni kama mchanga. Umeme ulikuwa umekatika kijiji kizima. Mume wangu alikuwa juu mtoni anawinda, na tangu jana simu yake haipatikani. Hilo nililiweka pembeni. Mtu hawezi kuogopa vitu viwili kwa wakati mmoja akafanya kazi.

Mama mdogo alikuwa amekaa jikoni anakunywa chai. Juu ya jiko la kuni, kwenye waya anaokaushia soksi, katikati ya soksi na vipande vya samaki, kinyago kilikuwa kimelala chali.

"Mama mdogo! Umefanya nini?"

"Funga mlango, unaniingizia upepo."

"Hicho kinyago!"

"Nakiona. Sijawa kipofu."

Nilikitoa pale. Kilikuwa chepesi, na wepesi ule ndio ulionitisha, maana jana kilikuwa kizito kama mkate mbichi. Paji la uso lilikuwa na joto, joto la mtoto mwenye homa. Kutoka kwenye jicho la upande wa mtu kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, unateremka kuelekea mdomoni. Niliutazama, ningeapa kwamba umesogea.

"Maji yako wapi?"

"Ndoo tupu. Bomba limekufa pamoja na umeme."

"Hayo ya birika?"

"Hiyo ni chai. Unataka kumpa chai?"

Nilitoka na sufuria, nikachota kwenye pipa la mvua. Nikafungua mfuko wa mtoto, nikatoa nepi zote, nikazitumbukiza kwenye sufuria moja moja mpaka zikavimba. Nepi inashika maji kuliko kitambaa chochote nilichonacho. Nilikifunika kinyago uso, kisogo na pembeni, nikafunga kwa ule utepe wao wa kunata.

Mtoto wangu ana jina la marehemu mama yangu, Paniguaq. Kwetu jina likirudi, aliyekuwa nalo naye amerudi kiasi chake. Kwa hiyo mama mdogo humwita mtoto wa mwaka mmoja dada, na akiwa na neno nami hupitia kwake.

"Dada," alimwambia sasa, "mtazame binti yako. Anamvisha mzee wa watu nepi."

"Usimwambie mtoto. Niambie mimi. Umekitoa kwa nini?"

"Dada, ananifokea. Ulimlea vipi huyu?"

"Mama mdogo, kitu kikikaa miaka mia tano kwenye maji, hukianiki juu ya moto kama soksi! Nimekueleza mara ngapi?"

Aliweka kikombe chini. "Sikutaka kukianika. Nilitaka kukichoma."

Nilidhani sikusikia vizuri, upepo ulivyokuwa.

"Bibi yetu alituambia. Ngoma ikiisha, kinyago kinachomwa, au kinaachwa nyikani kioze. Kazi yake imekwisha. Hiki hawakuwahi kukimaliza, na nyinyi mnakiweka kwenye beseni kama samaki wa kuuzwa. Tangu mlipoanza kuvitoa ardhini, bahari inakuja karibu kila mwaka."

"Bahari inakuja kwa sababu barafu ya kuizuia haipo. Hilo unalijua."

"Nalijua. Na hili jingine pia nalijua." Alilitazama jiko. "Basi nikafungua mlango wa jiko. Nikamshika hivi. Maji yanamtiririka machoni. Nikasema, huyu ana baridi. Nikashindwa. Nikamweka juu apate joto."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, yote makali. Chini ya sakafu kitu kiligonga nguzo ya nyumba, gogo au boya, na baada yake tukasikia maji yakipita.

"Vaa viatu," nikamwambia.

Ukumbi wa shule ulijaa watu, mbwa na magunia ya samaki. Nilikaa ukutani na kinyago mapajani. Kila baada ya muda nilipapasa nepi, nikaongeza maji kwa kikombe. Kupitia dirishani niliona bahari imefika kwenye bembea za watoto, inazisukuma kwenda na kurudi bila mtu. Chumba chetu cha vitu vya kale kilikuwa kimebaki paa tu.

Simu ya shule ilifanya kazi. Nilimpigia Hollis, mtaalamu wa mbao kule Anchorage, nikamweleza ufa.

"Kimekauka vipi?" akauliza.

"Kilitoka majini wakati tunahama," nikasema. Kilitoka majini kweli. Sikuona haja ya kuongeza.

Mama mdogo alinyoosha mkono akaninyang'anya simu.

"Mimi nilikiweka juu ya jiko," akasema. "Agafia. Ndiyo, jiko la moto. Hapana, hakuungua. Huyu binti hakuwepo, yeye alikuwa anabeba mabeseni."

Alinirudishia simu akaenda kumtafuta mtu mwenye biskuti.

"Ndege ikiweza kuruka, kileteni," akasema Hollis. "Kibaki kibichi na kisigande. Hayo mengine tutazungumza."

Hayo mengine. Nililijua neno hilo lina maana gani kwa mabeseni yangu yote.

Asubuhi iliyofuata maji yalishuka. Mume wangu alipatikana kwenye redio, yuko kwa binamu yake, mzima, anauliza kama kuna nyama. Nilimjibu kwa ufupi. Mama mdogo alikuwa ameshafunga mzigo wake.

"Unakwenda wapi?"

"Na nyinyi. Mzee haendi kwa wageni peke yake. Na akimaliza huko, nimrudishe."

"Na wakikataa?"

"Watakataa mbele yangu."

Rubani alitukuta uwanjani, akanyoosha kidole kwenye sanduku la wazi nililowekea kinyago. "Hilo nyuma, na mizigo."

"Nyuma kuna baridi, kitaganda," nikasema. "Nakibeba mapajani."

"Mapajani ni watoto tu, mama."

"Amevaa nepi," akasema mama mdogo, ambaye tayari alikuwa amempakata dada yake.

"Ana umri gani?"

"Miaka mia tano."

Rubani alitazama ule uso uliofungwa, akatutazama sisi, akakuna shingo. "Mshike vizuri, basi. Upepo bado upo."

Tuliruka. Niliingiza kidole chini ya nepi, nikaufuata ufa kutoka kwenye jicho. Pale ulipoishia jana haukuishia leo, au kidole changu kilikuwa kimekufa ganzi. Nilijaribu tena. Sikuweza kujua. Chini yetu bahari ilikuwa imeumega ukingo upya, kipande kirefu, na kwenye udongo mweusi mbao zilikuwa zimechomoza kila mahali, ncha na mipini na kitu cha mviringo kama bakuli. Maji yalikuwa yanaanza kujaa tena, na hapakuwa na mtu ufukweni.

"Geuza ndege," nilitaka kusema.

"Usitazame huko," mama mdogo akaniambia. "Mtazame huyu."

Nikamimina maji kidogo zaidi kwenye nepi.