Nzi wa Picha Namba Kumi na Nne

Katika mwaka wa 1969, kila alasiri, wanafunzi wa darasa la saba walipokwisha kufagia na kwenda zao, Mwalimu Chirau aliketi barazani kwake Msambweni na kufuta meza mara mbili: mara ya kwanza kwa kitambaa chenye maji, mara ya pili kwa kikavu. Kisha alipanga juu yake lenzi, rula, kalamu ya wino mweusi na bahasha ya picha. Picha hizo zilipigwa na Dzombo, mpigapicha wa Ukunda, kwa ajili ya jumba la makumbusho lililotaka kujua nzi wa kichwa kinene wa pwani ya kusini ni wa aina ngapi. Dzombo alipiga picha. Mwalimu alitambua majina.

Nzi wa kichwa kinene hufanana na nyigu, kwa kiuno chake chembamba na mistari ya manjano. Jike huvizia juu ya maua, humdaka nyuki angali akiruka, humbandua tumbo na kumwachia yai ndani. Nyuki huendelea kufanya kazi siku kadhaa, huku akiliwa kwa ndani. Kwa kuwa nzi hawa huwafuata nyuki, Dzombo alipiga picha zake zote katika shamba la Bi Kahaso, mjane aliyekuwa na kisima kimoja na mizinga kumi na miwili iliyotundikwa kwenye mikorosho.

Kazi ya kutambua ilifuata mwongozo wa maswali thelathini na moja. Je, mrija wa mdomo umekunjwa mara moja au mara mbili? Je, mshipa wa bawa umefika ukingoni? Hakuna swali lililorukwa. Nyuma ya kila picha Mwalimu aliandika sentensi aliyofundishwa chuoni: *Picha peke yake haithibitishi, kielelezo chenyewe sharti kiletwe mkononi.* Chini yake aliandika jina la nzi, au neno "hakutambulika". Neno hilo alikuwa ameliandika mara nyingi mno, kwa sababu nzi wengi walikuwa wamempa Dzombo mgongo.

"Baba Rai," mkewe Khamisa alimwambia siku moja, akichambua mchele, "unaingia kwa watu bila hodi, halafu unalalamika kwamba hawakutazami."

Mwalimu aliona kwamba hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Alilaza picha kifudifudi, akagonga meza kwa kidole, akasema hodi, akasubiri. Alipoifunua, nzi alikuwa amegeuka. Mrija wake ulikuwa umekunjwa mara mbili. Tangu siku hiyo alibisha hodi kwa kila picha, mara tatu na si zaidi, kama ilivyo desturi, na nzi ambaye hakuitikia hakumsumbua tena.

"Wanageuka?" Khamisa aliuliza.

"Wengi."

"Basi wana adabu kuliko hao wa darasa lako la saba."

Nzi wa picha namba kumi na nne alipogeuka, shamba lote lilizunguka pamoja naye, na ukaonekana upande uliokuwa nyuma ya Dzombo. Huko alikuwapo Abdalla, karani wa mipaka, katika shati lake la mistari, aking'oa bikoni, lile jiwe la saruji lililoonyesha mwisho wa shamba la Bi Kahaso. Katika picha ya kumi na tano alikuwa amelikumbatia kifuani. Katika ya kumi na sita alikuwa akilifukia upande wa pili wa kisima, ili kisima na mizinga yote viwe nje ya shamba. Mwalimu alitambua kwanza nzi wote watatu, akakausha wino, ndipo akaenda kwa Bi Kahaso.

"Shikamoo, Bi Kahaso."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja na sura ya mtihani."

Alimwonyesha. Bi Kahaso alizitazama picha kwa muda mrefu.

"Huyu alikunywa maji kwangu siku hiyo," alisema. "Vikombe viwili. Akasema maji yangu matamu."

Jumatatu iliyofuata kamati ya ardhi ilikutana katika ghala la zamani la pamba kusikiliza malalamiko yake. Bi Kahaso alikaa mbele, juu ya gunia. Mwenyekiti, Mzee Mramba, aliweka picha kifudifudi, akabisha hodi kwa sauti ya mtu aliyezoea kufunguliwa, akazifunua. Wajumbe walipokezana lenzi. Mmoja alisema nzi yule alikuwa na kiuno kizuri. Abdalla naye aliletewa lenzi, akatazama.

"Shati ni kama langu, sikatai," alisema. "Lakini mashati ya namna hii yamejaa Ukunda. Hata mwenyekiti analo moja."

Watu walicheka, na mwenyekiti akacheka zaidi kuliko wengine. Halafu aligeuza picha na kusoma taratibu, kidole kikifuata maneno.

"Mwalimu, mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Unasema picha peke yake haithibitishi. Kielelezo chenyewe sharti kiletwe mkononi. Bikoni umekuja nayo?"

"Imefukiwa mahali papya. Ramani mpya imechorwa kwa kuifuata. Kuing'oa ni kosa la jinai."

"Basi sisi tufanyeje? Wewe ndiwe uliyetufundishia watoto wetu." Mzee Mramba alichukua kalamu. "Tunakubali kwamba katika picha kuna mtu, na mtu huyo anafanana na karani. Zaidi ya hapo, hakutambulika."

Mwalimu alitafuta kosa katika hoja hiyo, hatua kwa hatua, kama alivyotafuta makosa katika hesabu za wanafunzi. Hakulipata. Bi Kahaso alipewa siku thelathini za kuondoa mizinga yake, na shamba alilobakiwa nalo halikuwa na maji. Kisima na mikorosho vilikwenda kwa mnunuzi ambaye hakuna mtu wa Msambweni aliyewahi kumwona.

Siku ya ishirini na nane Mwalimu alikwenda kumsaidia Bi Kahaso kuhama. Lori la kwenda Kombani, kwa kaka yake, lilikuwa likisubiri barabarani. Mizinga ilikuwa imeshushwa, na midomo yake imezibwa kwa vipande vya kanga.

"Yule nzi wa kumi na nne," Bi Kahaso aliuliza, "jina lake mmelipata?"

"Tumelipata. Makumbusho wamelikubali."

"Na mahali alipopatikana, mmeandika wapi?"

Mwalimu aliweka chini mzinga aliokuwa ameushika.

"Niliandika shambani kwa Kahaso. Wakairudisha fomu. Walitaka jina lililo katika ramani."

"Ukaandika nini?"

"Kiwanja namba mia mbili na kumi na mbili."

Bi Kahaso alitikisa kichwa, akakunja kata ya kanga na kuiweka utosini.

"Haya, nitwike," alisema. "Polepole. Huu una watu ndani."

Mwalimu aliinama, akauinua mzinga kwa mikono miwili na kumtwika, akaushika kidogo mpaka ulipotulia. Nyuki walikuwa wakivuma. Dereva alipiga honi mara moja, kisha mara nyingine, na Bi Kahaso akashika njia bila kuharakisha.