Lita Tano za Marehemu

Kila siku saa moja asubuhi Bi Chaki alipaka chaki mita za mwisho za utepe wa kupimia, akauteremsha kisimani, akauvuta, akasoma mahali chaki ilipoanzia kulowa, kisha akaituma namba hiyo ofisi ya maji kwa simu. Jina hilo alipewa na majirani kwa ajili ya vidole vyake vyeupe.

Kisima kilikuwa zawadi ya kiwanda cha maji ya chupa. Zawadi yenyewe aliichimba mumewe. Ubavu wa kisima ulimporomokea akiwa kwenye mita ya arobaini, na kiwanda, badala ya kumfukua, kikaandika kwamba ametoroka kazini, kikakigawia mtaa shimo hilo na kuchimba jingine nyuma ya ukuta wake. Hayo yana miaka kumi na tisa. Waliosahau wamesahau.

Siku maji yaliposhuka kupita mita ya arobaini, utepe ulirudi na maandishi ya kidole kwenye chaki kavu: Nina kiu, mama watoto.

"Hata salamu?" alisema Bi Chaki, akaenda kuleta dumu la lita tano.

Alimimina lote. Maji hayakufika chini. Ilisikika sauti ya mtu akimeza, basi. Kuanzia hapo ikawa kazi ya kila asubuhi.

Fomu ya ofisi kwenye simu ilikuwa na swali la pili: nani anatumia maji haya? Bi Chaki hakuzoea uongo. Aliandika: kaya kumi na mbili, na mume wangu, lita tano, akaongeza na jina lake kamili. Nyuma ya ukuta pampu ya kiwanda ilinguruma kutwa kucha, ila simu haikuuliza habari za nyuma ya ukuta.

Mwisho wa mwaka karani wa takwimu alikuja na ripoti. Maji yameshuka mita kumi na moja. Mtumiaji mpya: mmoja.

"Shangazi, mzee apunguze. Lita mbili zinamtosha."

"Huyo anakunywa kama alivyokuwa akichimba. Nusunusu haijui."

"Sisi tunafuata namba."

Bi Chaki aliivuta ile karatasi. Jina la mumewe lilikuwepo, kwa wino, na muhuri juu yake.

"Basi mnakubali kwamba yumo humu, mwanangu."

Karani alifungua chupa ya kiwanda, akanywa kidogo, akafikiri.

"Kwenye matumizi yumo, shangazi. Kwenye vifo hayumo. Kule bado ni mtoro."

Alipoondoka aliisahau chupa yake ukingoni, imebaki nusu, na picha ya chemchemi ubavuni. Bi Chaki aliimimina kisimani. Chini kukamezwa, naye akateremsha utepe.

Utepe uliporudi ulikuwa na maneno mawili: Nayajua haya.

Aliyafuta kwa kiganja, akapaka chaki upya, akapima, akatuma namba. Nyuma ya ukuta pampu haikuwa imesimama.