Mbuzi wa Fundi Darasani

Mwalimu alikuwa amefundisha fasihi ya kwao tangu ujana wake, lakini siku ile, muhula ukielekea ukingoni, mbele ya wanafunzi wa ugenini, alijiona mwanagenzi. Hakushika riwaya. Alikuja na kisa cha baba yake, fundi cherehani, kisa kilichowahi kuvunja mbavu za mtaa mzima. Tangu mama yake Mwalimu afariki, Fundi hakukisimulia tena. Kila akianza, aliishia njiani. Mwanawe alipoalikwa kufundisha huko muhula mmoja, Fundi alimwambia, bila kuinua macho kwenye kitambaa, akakijaribu kwa wageni. Wakicheka, naye atakisimulia tena. Wasipocheka, basi, kizikwe.

Mzigo gani huo wa kumtwisha mtu, jamani! Lakini baba ni baba.

Akasimulia. Mume na mke wamenuniana, hakuna anayemsemesha mwenzake, maneno yote yanapitia kwa mbuzi. Mbuzi, mwambie mama watoto shati langu halina kifungo. Mbuzi, mwambie huyo bwana sindano anajua ilipo. Siku moja mbuzi akapotea, nyumba ikawa kimya, ikabidi watoke wote wawili kumtafuta, kila mmoja na upande wake wa barabara. Jioni wakamkuta sokoni. Mke, macho kwa mbuzi, akasema: mbuzi, muulize kama amekula. Na mbuzi, kwa kuchoshwa na kazi ya utarishi, akagoma kurudi nyumbani.

Kwao watu huangua kicheko hapo mwisho, mbuzi anapogoma. Hapa, kimya. Na usisingizie lugha, maana wanafunzi hawa walikisema Kiswahili mpaka mwenyewe unaona haya. Walikaa wima, midomo wameibana, macho kodo. Mmoja aliuma kalamu. Mwalimu alikiona kisa cha baba kikimfia mikononi, na mama akiondoka mara ya pili. Akavuta kiti ambacho hakuwahi kukikalia, kwani yeye alilelewa akijua mwalimu hufundisha wima, akaketi.

Darasa likalipuka.

Loo, walicheka hao! Mwuma kalamu alilala juu ya meza akiipiga makofi. Mama mmoja mtu mzima, aliyerudi chuoni baada ya kulea wajukuu, alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Pumzi ilipomrudia, ndiye aliyemweleza kwamba kwao mwalimu akiwa amesimama hucheki wala husemi neno, ni kumkatiza. Muhula mzima walikuwa wanamsubiri aketi. Mkuu wa idara alimwonyesha Mwalimu kila kitu, funguo, maktaba, hadi choo. Hilo hakulitaja, labda akidhani dunia nzima ndivyo ilivyo.

Kisha yule mama akarudia, polepole, "Mbuzi, muulize kama amekula," na darasa zima likaanza upya.

Kilichowachekesha si pale mbuzi anapogoma, ni swali la mke. Pale. Katika mtaa wote wa kina Mwalimu, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akichekea hapo, naye ni mama yake. Wengine walikuwa wakimuuliza anacheka nini na kisa hakijaisha. Watu hawa hawakuwahi kumwona, hawajui hata sura yake, na wamecheka naye mahali pale pale. Mwalimu alibaki kitini, mdomo wazi, akiwatazama kwa mshangao na upendo ambao hakujua auweke wapi.

Walipotoka alikaa kwenye ngazi akampigia baba yake. Cherehani ilisikika ikienda.

"Walicheka?" Fundi akauliza.

"Walicheka, baba."

"Wapi?"

Akamwambia ni wapi. Cherehani ikanyamaza. Mwalimu akamsikia mzee akisafisha koo, kama mtu anayeanza kusimulia.

"Mbuzi," Fundi akasema, "muulize mwanangu kama amekula."