Bawa Likishuka

Khamisa alikaa eda na ndege ya plastiki. Tasbihi alikuwa nayo, lakini alasiri zake zilikwenda kwa ndege ya rimoti ya marehemu mumewe, Silima, iliyolazwa na pua yake iliyovunjika chumbani mwao Kiembe Samaki.

Ndani yake mna kidude kiitwacho jairo. Ukiiwasha ndege uiache kwanza, itulie kama mtu anayetia nia, mpaka ilie mara mbili. Hapo ukiinamisha bawa, kijibawa cha ukingoni hucheza chenyewe kulisawazisha. Kilipocheza mara ya kwanza mle chumbani, bila mkono wa mtu, Khamisa alisema, "Silima?"

Siku ile ya msiba, kule pwani ya Fumba, Silima, mtu wa kusahau kila kitu isipokuwa chakula, alisahau miwani. Vya mbali aliviona. Vya karibu vilishamshinda. Akaiinamisha ndege mbele ya mkewe na kuuliza, "Imejibu sawa?" Khamisa akakiona kijibawa kikipanda. Bawa limeshuka, kitu kimepanda. Akadhani ndiko kunyanyuliwa huko. "Naam, sawa," akajibu, na shemeji yake Bakar, mdogo wake Silima, yupo anasikia.

Ndege ikaruka, ikainama kidogo, ikazidi kuinama, ikabinuka na kuangukia fungu la mchanga ng'ambo ya mkondo. Silima akaifuata kwa miguu. Maji yakajaa. Ndege ilirudi kavu mikononi mwa mvuvi. Silima mwenyewe alirudi kwa machela.

Mwezi wa pili wa eda Khamisa alilifungua daftari la mumewe. *Bawa likishuka, kijibawa chake nacho kishuke.* Akaiwasha ndege, akaliinamisha bawa. Kijibawa kikapanda. Tangu hapo aliijaribu kila alasiri, labda leo itajibu vingine, nayo ikamjibu vilevile. Hakumwambia mtu. Aliapa kwamba akitoka eda atamwambia Bakar, maana siri ile ilikuwa ikimla.

Eda ilipokaribia kwisha, Bakar aliiomba ndege akaitengeneze pua. Khamisa alipotoka tu, akaja nayo barazani.

"Nshaitengeneza, shemeji. Hebu tazama." Akaiwasha, akaituliza, akaliinamisha bawa. Kijibawa kikashuka.

Khamisa akachungulia ndani, akakitazama kile kidude cha jairo. Ubavuni pana swichi ya kugeuzia majibu, ndogo kuliko punje ya mchele, na kando yake mkwaruzo mpya wa bisibisi.

"Unaona? Ndivyo ilivyokuwa siku zote," Bakar alisema, macho yake hayaondoki kwenye ndege. "Humu ndani mimi sikugusa kitu. Ulikuwa upepo tu. Imejibu sawa?"

Khamisa alihisi Silima yupo pale baina yao, hana miwani, anangoja. Bakar alikuwa anajua. Alijua, akamhurumia, na kwa huruma yake amemnyima mtu pekee wa kumwambia.

"Naam," akasema. "Sawa."