Chupa ya Bafuni

Nikitaja uke utageuza macho. Utasema hayo ni mambo ya wanawake, wayamalize wenyewe. Umeyageuza mara nyingi, na mimi sisahau. Leo utakaa usikilize.

Begi la wifi yangu lilikuwa mlangoni tangu asubuhi. Aliyelifunga zipu ni mdogo wangu, mumewe, fundi wa majokofu. Sebuleni tulikuwa wanne: hao wawili, mama yetu na mimi. Kikao kilikuwa na jambo moja: mke anamkataa mumewe, basi aseme ana nani huko nje au arudi kwao.

Wifi alikuwa amekaa upande upande kwenye ncha ya kiti. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

"Mimi si jiwe," mdogo wangu alisema. "Nikimgusa anakakamaa. Nimeoa mke au nimeoa mlango?"

"Na bafuni anajifungia," mama akaongeza. "Anaficha nini?"

"Mwanamume labda," nikasema. "Bafu lenyewe dogo, hata ndoo haigeuki."

Hakucheka mtu.

"Inauma," wifi akasema, macho kwenye zulia. "Inachoma kama pilipili. Nikikojoa, nikikaa, ukinigusa. Nilikwambia, mume wangu."

"Uliniambia umechoka."

"Nilikwambia inauma, ukasema niache kudeka. Ndipo nikaanza kuchoka."

Mdogo wangu akageukia lile begi mlangoni.

"Bafuni unafanya nini, wifi?" nikamwuliza.

"Nanawa."

"Kwa maji gani?"

Akavuta khanga magotini. Hapo nikaelewa, maana mimi na yeye tunafua mashuka ya hospitali. Yanakuja na damu na usaha, tunayaloweka kwenye klorini mpaka yanameta. Jioni, kabla ya kuvaa nguo za nyumbani, wapo wanaochota kopo la maji yaleyale ya klorini, wakaingia nalo chooni kujisafisha huko chini, wasiwapelekee waume zao uchafu wa wagonjwa. Mgeni kazini hufundishwa hilo kama anavyofundishwa kukunja shuka. Nimelipigia kelele mpaka msimamizi akanibandika jina la Redio. Namkumbuka mwenzetu aliyeacha kazi akitembea ametanua miguu kwa maumivu. Wenzake wakamwita malaya, wakarudi kwenye ndoo zao.

"Nakuja na klorini ya kazini kwenye chupa," wifi akasema. "Ikizidi kuuma naikoleza. Najiona bado mchafu."

"Nani alikufundisha?"

Akamtazama mama, ambaye alifua palepale kabla yetu.

"Sote tulinawa hivyo," mama akasema. "Iliuma, tukafumba macho. Nani alikufa?"

"Ulikuwa unalala kitandani kwangu, mama. Ulisema baba anakoroma. Baba hakuwa anakoroma," nikamwambia.

Mama akashika pindo la kitambaa cha meza, akalikunja, akalikunjua.

Wifi akainuka polepole, mkono ukutani. "Naenda kliniki. Begi naliacha hapo hapo. Nikirudi nitaona kama liko ndani au nje."

"Sasa mimi nikasimame kule, watu waseme mke wangu anaumwa sehemu hiyo?" mdogo wangu akauliza. "Watanionaje?"

"Watakuona mume," nikamwambia. "Itakuwa mara ya kwanza."

Akabaki amekaa. Wifi alishafika getini ndipo mdogo wangu aliponyanyuka, akalibeba begi, akalirudisha chumbani. Akatoka mbio, viatu mkononi.

Kule kliniki muuguzi alisema ngozi imeungua, klorini isiguse hapo tena, na tiba ipo. Alisema pia mwili umejifunza kuogopa na unajikaza wenyewe, hata wifi akitaka kuuachia. Hilo nalo linatibika, lakini si kwa kulazimishwa. Mdogo wangu akauliza asubiri mpaka lini. "Mpaka yeye aseme," muuguzi akajibu.

Ile chupa niliimwaga mwenyewe. Lakini leo jioni kopo lingine litachotwa pale kazini, na kuna mke mwingine amekaa kwenye ncha ya kiti, labda ni kiti cha nyumbani kwako. Wewe mume, wewe mama mkwe, wewe msimamizi: inuka sasa hivi. Mwulize kama anaumia. Akisema ndiyo, usimwulize ana nani. Vaa viatu, mpeleke.