Harufu ya Rangi kwenye Mjozi

Baba hapaki rangi mbao ya mjozi. Anayeipaka, husema, ni sawa na mtu anayetia sukari kwenye asali. Na kweli, mbao hiyo imekamilika: moyo wake ni kahawia iliyoiva, randa inapita laini, ikishakauka haipindi ovyo. Ila karibu na gome ina weupe, na huo fundi huukata kabla ya kuunga.

Meza aliyoagiza mwalimu ilishaungwa na gundi imekauka nilipouona mstari mweupe, katikati kabisa, mpana vidole viwili. Jamani! Baba, miaka arobaini kwenye kazi hii! Nilitaka kufoka, maana kunyamaza sikujaaliwa, ndiyo sababu ananiita Pilipili. Kisha nikakumbuka juzi alivyomimina chai nje ya kikombe, tukacheka. Macho ya baba yangu yanafifia, na asipokuwa fundi atakuwa nani?

Alipokwenda kula, nikachovya kitambaa kwenye rangi ya kahawia, nikaufuta ule mstari mpaka ukapotea. Nilijiona mjanja kweli.

Njia ya mwongo ni fupi. Baba alirudi, akasimama mlangoni, akanusa.

"Pilipili, nani kafungua kopo la rangi?"

"Ni ya kiti cha jirani, Baba."

Akapitisha kiganja juu ya meza, polepole, akasita katikati, palipokuwa bado na unyevu. Akanusa vidole vyake.

"Weupe?"

"Ndiyo."

"Mara ya ngapi unanifichia?"

"Ya tatu. Mbili za mwanzo nilidhani umepitiwa tu. Nisamehe, Baba. Nilikuonea huruma."

"Huruma gani hiyo, ya kuniacha niharibu?" Machozi yakanitoka. Akachomoa penseli juu ya sikio lake, ile ya kuwekea alama, ambayo hajawahi kumwazima mtu, akataka kunichomekea juu ya sikio langu. Mara ya kwanza alikosa, ikanichoma shavu.

"Mstari huo tunaukata, tunaunga upya," alisema. Akavuta ubao mwingine, akaupapasa. "Huu umenyooka, hauna fundo. Mkono wangu haujazeeka. Rangi je?"

Nilitaka sana kumwambia ni mzuri.

"Una weupe huku kushoto, Baba."

"Haya," akasema, akaushika ubao usicheze. "Weka alama."